Maji ya Siku ya Kwanza: Kisa cha Viluwiluwi wa Chaza wa Netarts Bay

Mwaka 2007 kituo cha kutotolesha chaza cha Whiskey Creek, kilichopo ukingoni mwa ghuba ndogo ya Netarts Bay katika jimbo la Oregon, Marekani, kilianza kupoteza viluwiluwi, yaani watoto wachanga wa chaza, kwa namna isiyo ya kawaida. Vifo si jambo geni kwa watu wa kazi hiyo. Chaza jike hutaga mayai kwa mamilioni, na kila mtotoleshaji anajua kwamba sehemu kubwa haitafika mwisho. Safari hii matangi mazima yalikuwa yanakwisha. Viluwiluwi walidumaa, wakaacha kula, wakazama chini ya tangi, na baada ya siku chache hapakuwa na kitu cha kuuza. Mwaka 2008 hali ikawa mbaya zaidi.

Hasara hiyo haikuwa ya kituo kimoja tu. Chaza anayefugwa kwa wingi pwani ya magharibi ya Marekani ni chaza wa Pasifiki, aliyeletwa kutoka Japani mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya Oregon na Washington ni baridi mno kwake kuzaliana kwa uhakika, isipokuwa mahali pachache kama Willapa Bay, na hata huko uzao wa asili ulikuwa umeanza kukosekana katika miaka hiyohiyo. Mfugaji basi hununua viluwiluwi kutoka vituo vichache vya kutotolesha. Husafirishwa wakiwa karibu kutulia kwenye ganda la kuwabeba, na mamilioni yao wakishachujwa maji hufanya donge linaloenea kiganjani. Whiskey Creek kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kwa wafugaji wasio na kituo chao. Kikikwama kimoja, mashamba ya majimbo kadhaa yanakosa mbegu.

Mshukiwa wa kwanza

Tuhuma ziliangukia bakteria, na kwa haki kabisa. Katika miaka ya 2006 na 2007 vituo vya pwani hiyo vilikuwa vimekumbwa na wimbi la bakteria aliyeitwa Vibrio tubiashii, ambaye anajulikana kwa kuua viluwiluwi wa chaza na kombe. (Baadaye uchunguzi wa vinasaba uliwahamisha baadhi ya vimelea hao kwenye spishi nyingine, Vibrio coralliilyticus, lakini hilo halibadilishi kisa chetu.) Dalili zilifanana na ugonjwa: wanazubaa, wanaacha kula, wanakufa kwa makundi. Kituo kikaweka mitambo ya kusafisha maji ili kumwondoa bakteria huyo.

Bakteria alipungua. Viluwiluwi wakaendelea kufa.

Hapa ndipo pengine mtu angekata tamaa au angeongeza dawa. Kilichosaidia ni mazoea ya kuangalia bahari nje ya dirisha. Vifo vilikuja kwa vipindi, na vipindi hivyo viliandamana na upepo mkali wa kutoka kaskazini na maji yaliyoingia ghubani yakiwa baridi kuliko kawaida. Upepo ukitulia, siku chache baadaye matangi yanapata nafuu. Ugonjwa wa kuambukiza haupangi ratiba yake kwa kufuata upepo.

Upepo unaleta nini

Majira ya joto, upepo wa pwani ya Oregon huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini, sambamba na ufuo. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu katika nusu ya kaskazini ya dunia husukumwa kuelekea kulia mwa upepo, ambako kwa pwani hiyo ni magharibi, bahari kuu. Maji ya juu yakiondoka ufuoni, ya chini hupanda kujaza nafasi. Yanatoka kina cha mita mia moja au mia mbili, ni baridi, yana chumvi zaidi kidogo, na yamekaa gizani muda mrefu.

Kukaa gizani ndiyo sababu ya yote. Vijimea vya baharini vinavyoishi kwenye mwanga hufa na kuzama, na vikioza huko chini hutumia oksijeni na kurudisha majini vitu vilivyovijenga. Uwiano wake unajulikana tangu kazi ya Alfred Redfield katika karne iliyopita: kwa kila atomu 1 ya fosforasi hurudi atomu 16 za nitrojeni na 106 za kaboni. Maji yanayopanda basi yana rutuba nyingi na kaboni dioksidi nyingi kwa wakati mmoja. Hakuna namna ya kupata moja bila nyingine, na ndiyo maana ukanda huu wenye neema ya samaki unaweza kuwa mkali kwa mwenye ganda.

Pasifiki ya Kaskazini ina ziada ya tatizo. Maji yake ya kina yamesafiri muda mrefu kuliko ya Atlantiki tangu yalipokuwa juu mara ya mwisho, hivyo yamekusanya mabaki mengi zaidi yaliyooza. Matokeo yake, kina ambapo aragoniti, yaani aina ya kaboneti ya kalsiamu inayojenga ganda la kiluwiluwi, huanza kuyeyuka ni mita mia chache tu kwenye Pasifiki ya Kaskazini, wakati Atlantiki ya Kaskazini kinashuka zaidi ya mita 2,000.

Mwaka huohuo wa 2007 meli ya utafiti ilipita pwani ya magharibi kutoka Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Richard Feely wa NOAA, taasisi ya Marekani ya masuala ya bahari na angahewa, pamoja na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2008 katika jarida la Science: maji yanayoyeyusha aragoniti yalikuwa yamepanda hadi kwenye ukanda wa kina kifupi karibu na pwani, mara nyingi kati ya mita 40 na 120, na sehemu moja kaskazini mwa California yalifika juu kabisa. Miongoni mwa waandishi alikuwepo Burke Hales wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon. Kituo kilichokuwa kinahangaika na bakteria kilikuwa katika jimbo lake. Kuanzia hapo kisa kilihama kutoka kwenye vimelea kwenda kwenye kemia ya maji.

Gramu nne ndani ya kilo thelathini na nne

Ukimwuliza mtu maji ya bahari yana nini, atakwambia chumvi, na hajakosea. Lita 1,000 za maji ya pwani hiyo zina takriban kilo 34 za chumvi. Klorini na sodiamu peke yake ni zaidi ya asilimia 85 ya uzito huo. Zinafuata salfeti, magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Uwiano wa hizo kubwa haubadiliki sana popote uendapo. William Dittmar alilithibitisha hilo mwaka 1884 kwa sampuli 77 ambazo meli ya Challenger ilizikusanya kuzunguka dunia. Maji yanaweza kuwa na chumvi zaidi au pungufu, lakini mgao wa ndani ni uleule.

Kwa hiyo kalsiamu haikuwa shida Netarts Bay. Ipo tele. Kinachoyumba ni mwenzake, ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) ya kaboneti, na hiyo ni kidogo kiasi cha kushangaza. Kwa hesabu yangu ya haraka, maji yakifika mahali ambapo aragoniti haiyeyuki wala haijengeki, lita hizo 1,000 zina gramu nne hivi za kaboneti ndani ya kilo 34 za chumvi. Maji mazuri yana gramu kumi na mbili. Uhai wa kizazi kizima cha chaza unategemea tofauti hiyo ya gramu nane.

Kaboni dioksidi inafanyaje kazi hapo? Ikiingia majini inaungana na maji na kutoa ayoni za hidrojeni, na hizo zinaikamata kaboneti na kuigeuza bikaboneti. Ukipiga jumla, molekuli moja ya kaboni dioksidi, moja ya maji na ayoni moja ya kaboneti zinageuka kuwa ayoni mbili za bikaboneti. Hapo ndipo wengi hukwama: unaongeza kaboni kwenye maji, na kaboneti inapungua.

Wanakemia hupima hali hiyo kwa namba wanayoiita kiwango cha kushiba. Namba ikiwa 1, maji yako kwenye mizani. Chini ya 1, aragoniti iliyo uchi huyeyuka. Juu ya 1, inaweza kujengeka, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyojengeka haraka.

Majira ya joto ya mwaka 2009 maji yaliyoingia Whiskey Creek yalipimwa kwa makini. pH, yaani kipimo cha utindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, ilicheza kati ya 7.6 na 8.2, na kiwango cha kushiba kati ya 0.8 na 3.2. Tazama namba hizo pamoja. pH 7.6 bado iko juu ya 7, hivyo maji hayo si tindikali kwa maana ya kawaida, na anayesoma kipima-pH atasema imeshuka kidogo. Lakini pH ni kipimo cha logi, ambapo kila namba moja ni badiliko la mara kumi: kushuka kwa 0.6 ni kuongezeka kwa ayoni za hidrojeni takriban mara nne. Na kushiba kutoka 3.2 hadi 0.8 ni kupungua mara nne. Kilichoonekana kama mtikisiko wa desimali kwenye mita kilikuwa ni upotevu wa robo tatu ya malighafi ya ganda.

Na hapa nina neno na mita za pH zenyewe. Kijiti cha kioo kilichosahihishwa kwa vimiminiko vya maji yasiyo na chumvi kinaweza kukosea kwa 0.1 au zaidi kikitumbukizwa kwenye maji ya chumvi, na 0.1 ni karibu robo ya ayoni za hidrojeni. Isitoshe, hata pH iliyo sahihi haikupi jibu kamili. Mfumo wa kaboni baharini una vipimo vinne vinavyopimika: pH, jumla ya kaboni iliyoyeyuka, jumla ya alkali (uwezo wa maji wa kumeza tindikali), na shinikizo la kaboni dioksidi. Ukiwa na viwili unaweza kupiga hesabu ya vingine vyote. Ukiwa na kimoja unabahatisha. Kifaa alichounda Hales kwa ajili ya kazi hii, ambacho watumiaji wamekipachika jina la utani Burke-o-Lator, hupima shinikizo la kaboni dioksidi na jumla ya kaboni papo hapo maji yanapopita. Ni hapo kituo kilipoanza kuona kile ambacho viluwiluwi walikuwa wanakiona.

Kosa la saa

Kwangu mimi uzito wa kisa hiki uko hapa. Alan Barton, aliyekuwa akifanya kazi kituoni, na wenzake walilinganisha rekodi za uzalishaji na kemia ya maji, wakachapisha mwaka 2012. Walichokikuta ni kwamba ukuaji wa viluwiluwi walipokuwa kati ya mikroni 120 na 150 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), pamoja na uzalishaji wa jumla, ulifuata kiwango cha kushiba cha maji waliyokuwemo katika saa 48 za kwanza za maisha yao. Ukuaji wa mapema kabla ya mikroni 120 haukuonyesha athari ya maji hayo.

Fikiria maana yake kwa mtu anayesimamia matangi. Leo unaingiza maji mabaya, mayai yanarutubishwa, viluwiluwi wanatokea, wanaogelea, wanakua. Unaandika kwenye daftari kwamba kundi linaendelea vizuri. Siku kadhaa baadaye wanadumaa na kufa. Unakimbilia kupima maji ya siku hiyo, na yawezekana upepo umeshatulia na maji ni mazuri. Unapima bakteria, na mara nyingi utawakuta, kwa sababu mnyama dhaifu hukaribisha bakteria. Kila kipimo unachofanya ni sahihi, ila kimefanywa siku isiyo yake.

Kwa nini saa 48 hizo? Kiluwiluwi wa chaza hujenga ganda lake la kwanza ndani ya siku mbili hivi, na analijenga kwa kasi asiyoirudia maishani. Wakati huo bado hajaanza kula kwa maana yoyote. Nguvu yote inatoka kwenye akiba ya yai, na akiba hiyo haiongezwi. George Waldbusser na wenzake, nao wa Oregon, wameonyesha kwamba ganda la mwanzo linakuwa sehemu kubwa sana ya uzito wa mwili wake, na kwamba mahali linapojengwa hapajatengwa vizuri na maji ya nje kama ilivyo kwa chaza mkubwa. Maji yenye kaboneti chache hayamzuii kujenga. Yanamlazimisha kutumia nguvu zaidi kupata ganda lilelile. Anamaliza ujenzi akiwa ameishiwa, na upungufu huo unajitokeza baadaye pale anapotakiwa kujitafutia chakula na kukua.

Hiyo inaeleza pia kwa nini madhara yanaanza mapema kuliko kemia ya mawe ingetabiri. Ganda haliyeyuki mpaka kushiba kushuke chini ya 1, lakini kituoni uzalishaji ulikuwa hauna faida tayari kwenye karibu 1.7. Mtu akikwambia maji bado hayajafika mahali pa kuyeyusha ganda, hivyo hakuna tatizo, anazungumzia ganda lililokufa.

Mwenye shaka angesema uhusiano wa namba si ushahidi wa sababu, kwani maji yanayopanda yana mengi: ni baridi, oksijeni haba, pH ya chini. Shaka hiyo ilijibiwa kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015. Kundi la Waldbusser lilitengeneza maji ambayo hayapatikani baharini, likibadilisha pH, kaboni dioksidi na kiwango cha kushiba kila kimoja peke yake. Ganda la kwanza na ukuaji wa mwanzo vilifuata kiwango cha kushiba. Kaboni dioksidi nyingi yenye kushiba kwa kutosha haikuwaathiri sana.

Tiba ya matangi

Tatizo likishajulikana kuwa ni gramu chache za kaboneti, tiba yake ni kuzirudisha. Kituo kilianza kutia magadi soda, yaani kaboneti ya sodiamu, kwenye maji kabla hayajafika kwenye matangi ya mayai. Kwa makadirio yangu, kutoa maji kwenye kushiba 1 hadi 3 kunahitaji gramu ishirini na kitu kwa lita 1,000. Si zile nane tu, kwa sababu sehemu ya unachotia inaliwa na kaboni dioksidi iliyozidi na sehemu nyingine na boroni iliyomo majini.

Bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia unga, haifai kwa kazi hii ingawa majina yanafanana. Inaongeza kaboni na alkali kwa kiasi sawa, hivyo kaboneti inabaki karibu palepale. Magadi soda huongeza alkali mara mbili ya kaboni, na pengo hilo ndilo linalogeuka kaboneti. Namna ya kutia nayo ina umuhimu: lazima iyeyushwe pembeni kwanza na kuingizwa taratibu. Ukimwaga nyingi mahali pamoja, pH ya hapo inaruka na maji yanageuka meupe kama maziwa, na hicho cheupe ni madini yaliyoganda na kuondoka kwenye matumizi.

Hatua ya pili haikugharimu kitu. Netarts Bay ina nyasi za baharini na vijimea ambavyo mchana hufyonza kaboni dioksidi kwa usanisinuru, na usiku ghuba nzima inapumua na kuirudisha. Maji ya alfajiri ndiyo mabaya zaidi, ya alasiri ndiyo bora. Kujaza matangi kukasogezwa alasiri. Uzalishaji ukapanda tena, na vituo vingine vya pwani hiyo vikaiga. Mwaka 2012 jopo lililoundwa na gavana wa Washington kuhusu suala hili liliweka ufuatiliaji wa kemia ya maji na msaada kwa vituo miongoni mwa mapendekezo yake. Kampuni moja ya Willapa Bay ilichagua njia nyingine kabisa, ikahamishia utotoleshaji wake Hilo, Hawaii.

Ni asili au ni sisi?

Swali hili huulizwa kila kisa hiki kinaposimuliwa, na jibu linahitaji namba. Maji ya kina yamekuwa yakipanda pwani ya Oregon tangu zamani, yakiwa na kaboni yake ya asili. Kilichoongezwa na binadamu ni tabaka la juu ya hiyo. Feely na wenzake walikadiria kwamba bila kaboni ya viwanda, mpaka wa maji yanayoyeyusha aragoniti ungekuwa chini zaidi kwa takriban mita 50. Kwenye ukanda wa pwani wenye kina kifupi, mita 50 ni tofauti kati ya maji yanayobaki chini na yanayoingia ghubani upepo ukivuma.

Halafu kuna deni la muda. Maji yaliyopanda mwaka 2007 yalikuwa juu mara ya mwisho yapata miaka 50 kabla. Vipimo vya hewa vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilipoanza mwaka 1958, hewa ilikuwa na kaboni dioksidi sehemu 315 hivi kwa milioni. Kufikia 2007 zilikuwa karibu 384. Maji yaliyozama yakiwa yamekutana na hewa hiyo ya 2007 bado yako njiani, na hata uchafuzi ukikoma leo yatapanda tu.

Magadi soda haisaidii nje ya tangi. Viluwiluwi wanaovuka saa zile 48 ndani ya maji yaliyorekebishwa huwa wameshajenga ganda la kuanzia na hustahimili zaidi wanapopelekwa ghubani, ndiyo maana tiba hii inalipa kwa mfugaji. Chaza wanaozaliwa wenyewe Willapa Bay hawana wa kuwachagulia saa ya kuzaliwa. Wao wanahitaji siku mbili za maji yenye joto na kushiba kwa kutosha zikutane na siku ambayo wazazi wao wametaga, na upepo wa kaskazini ukiwa umetulia.